Fidla Juu ya Piano ya Lucius

Mara ya kwanza Cordell Beasley kuisikia santuri yake ikipigwa hadharani, alikuwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno huko Brooklyn, mdomo wazi, bomba la kunyonya mate likigugumia pembeni mwa ulimi. Redio ilikuwa dirishani. Daktari, mtu mnene mwenye vidole vinavyonuka karafuu, alikuwa akiufuatisha wimbo kwa kuguna puani huku akimchokonoa jino.

"Muziki wa namna hii ndio mzuri," daktari alisema. "Haumsumbui mtu. Mgonjwa anatulia."

Cordell aliitambua filimbi yake mara moja, jinsi mtu anavyokitambua kikohozi chake mwenyewe. Lakini chini yake palikuwa na jeshi zima la fidla, tamu tamu, kama sharubati iliyomwagika mezani ikaanza kunata. Akatega sikio amsikie Lucius kwenye piano. Akaingoja ile sehemu ya katikati, ambapo filimbi hunyamaza na piano ikajibu. Filimbi ikanyamaza. Zikajibu fidla.

Akajiinua ghafla, chombo kikamkwaruza ufizi, akatema damu kwenye beseni.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Zima hiyo redio."

Santuri yenyewe alikuwa nayo nyumbani tangu majira ya kuchipua, boksi zima chini ya kitanda, na hakuwahi kuipiga. Kwanza Lucius Pettway alikuwa amefariki, na Cordell hakuwa na moyo wa kuyasikia mambo yao ya mwisho. Pili, lile jalada lilimtia kinyaa. Walikuwa wameweka midomo ya mwanamke iliyopakwa rangi nyekundu, imeuma ncha ya filimbi kama mtu anayetafuna muwa. Filimbi haiumwi. Kila alipoitazama ile midomo inayong'aa kwa mate alijihisi kama kuna mtu amekitumia kijiko chake na kukirudisha mezani bila kukiosha.

Yeye na Lucius walikuwa wamepiga muziki pamoja tangu walipotoka jeshini, Lucius kwenye piano, Cordell kwenye filimbi, katika vilabu vya Harlem ambavyo vingine sasa vilikuwa maduka ya viatu. Wazo la santuri ile lilikuwa la Lucius. Alikuwa amefundishwa muziki wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, utotoni huko Alabama na mama mmoja wa kanisani, na hakuacha kuupiga hata siku moja. Mwaka ule akauchukua wimbo mmoja wa mapenzi uliokuwa ukipigwa redioni mpaka watu wakauchoka, akauweka karibu na kipande kimoja cha Bach cha polepole, akagundua kwamba ukitoka kwenye huu unaweza kuingia kwenye kile bila kubisha hodi. Alimpigia Cordell simu asubuhi na mapema akicheka. "Njoo usikie, kaka. Hawa ni ndugu, walipotezana tu."

Walirekodi ng'ambo ya mto, New Jersey, katika studio yenye dari la mbao. Lucius alikuwa tayari mgonjwa wa mapafu. Mkewe, Ernestine, alimfunika blanketi magotini akakaa nyuma yake. Wapiga ngoma na besi walikuwa kwenye vyumba vyao vya vioo, lakini Lucius alikataa kutengwa na Cordell, kwa hiyo filimbi na piano vilikaa chumba kimoja, kipaza sauti cha huyu kikimsikia na yule. Lucius alipiga taratibu kuliko kawaida yake, akiacha noti zijifie zenyewe. Walipomaliza Lucius akasema ana njaa, jambo ambalo Ernestine hakuwa amelisikia kwa wiki nyingi.

Mwezi uliofuata walimzika. Na siku chache tu baada ya maziko, Sheldon Markow, produsa na mwenye kampuni ya santuri, akampigia Cordell simu. Kanda ilikuwa na mchakacho, alisema, upande wa filimbi. Ingebidi airudie.

Cordell akaenda. Wakamvisha vipokea sauti vya masikioni, wakamfungulia ngoma na besi.

"Piano iko wapi?" aliuliza.

"Tumeiteremsha kidogo uisikie ngoma vizuri," Markow alijibu kutoka upande wa pili wa kioo.

Naye akaamini. Akapiga kwa kumbukumbu, akimwachia Lucius nafasi zake zote, akinyamaza pale Lucius alipojibu. Mara moja tu koo lilimbana kwa kilio, pumzi ikamkwama, sauti ikatoka na mkwaruzo mbaya. Akaomba arudie. Markow akasema hapana, safi kabisa, nenda kapumzike.

Sasa, akitembea kutoka kwa daktari na shavu lililokufa ganzi, Cordell akaelewa. Kanda haikuwa na mchakacho wowote. Katika kipaza sauti cha filimbi alikuwamo Lucius, na asingeweza kutolewa humo isipokuwa filimbi irudiwe. Wamemtumia yeye kumfuta mwenzake. Pale kona ya barabara akainama kwenye pipa la taka, akatema mate yenye damu na ladha ya karafuu.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Markow, Manhattan. Markow alikuwa akila mkate wenye mayai ya kuponda juu ya meza ileile aliyowekea mikataba. Chumba kizima kilinuka mayai na manukato.

"Cordell, kipenzi! Umesikia tunapigwa kwenye redio ngapi?"

"Lucius yuko wapi?"

Markow akatafuna, akameza. "Kwenye jalada. Nyuma. Tumeandika 'kwa kumbukumbu yake'."

"Nauliza piano yake."

"Sikiliza. Nilimpenda Lucius. Lakini ile piano ilikuwa imechoka. Ilisikika kama mtu anayekufa."

"Alikuwa anakufa."

"Basi, umesema mwenyewe. Nani anataka kusikia hayo garini mwake akienda kazini?" Akajifuta kidevu kwa kidole, akakilamba. "Nimewapa fidla. Watu wanapenda fidla. Bach angependa fidla."

"Nipe kanda ya kwanza."

"Ipi?"

"Aliyopiga yeye."

Markow akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkera Cordell kuliko yote. "Hatuweki kanda, rafiki yangu. Zinatumika tena. Juu ya ile sasa kuna watoto wanaimba nyimbo za Krismasi."

Cordell alijaribu kupandisha hasira, akaikosa. Alichokipata ni kinyaa tu, kizito, kama cha mtu aliyekuta unywele kooni baada ya kumeza. Markow akadhani wamepatana, akaanza kumweleza habari za onyesho: ukumbi mkubwa, Jumapili mchana, okestra kamili.

"Sipigi," Cordell alisema.

"Jina lako limo kwenye mkataba. Kwa kampuni nyingine huwezi kurekodi mpaka uishe."

"Najua. Sipigi."

"Nitamtafuta mwingine."

"Mtafute."

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Ernestine. Njia nzima alitunga maneno ya kumweleza, na yote hayakufaa. Ernestine alimfungulia mlango bila kumkaribisha, akasimama palepale kizingitini na aproni yake.

"Shemeji," Cordell alianza, "ile santuri..."

"Niliisikia siku ileile iliyotoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Si wewe uliyepiga? Nilisema, huyu naye amekubali. Mume wangu hata arobaini haijatimia, yeye ameshamkalia kiti na kina mama wa fidla." Sauti yake haikupanda. "Miezi yote hii sikutaka kukuona, Cordell. Uliponiletea ule mguu wa nguruwe siku ya Pasaka niliwapa majirani."

Akamweleza basi, wamesimama vilevile: mchakacho, vile vya masikioni, piano iliyoteremshwa. Ernestine alisikiliza akimtazama mdomoni kama anayelipima kila neno. Alipomaliza, mama yule akatoka kizingitini.

"Ingia ule," alisema. Kisha, akipakua, "Lucius alikuwa na kucha ya kidole kidogo ndefu, hataki kuikata, inagonga kwenye funguo za piano, tak, tak. Nilimgombeza maisha yote. Nimeitafuta kwenye hiyo santuri, hata kucha haimo."

Ernestine alikuwa na tiketi mbili za onyesho, alizotumiwa na Markow kwa heshima ya marehemu. Cordell alimwambia azichome.

"Tutakwenda," Ernestine alisema.

"Kufanya nini?"

"Nataka kuwaona sura, hao waliomfuta."

Wakaenda. Ukumbi ulijaa watu waliovaa vizuri, wananukia. Aliyetafutwa badala ya Cordell alikuwa kijana aitwaye Brant Hollis, nywele mpaka mabegani, koti la mahameli, na vidole vyepesi kweli. Hilo Cordell hakumnyima. Okestra ikaanza, kijana akainua filimbi, na baada ya muda mfupi Cordell akatambua anachosikia. Kijana hakuwa akibuni chochote. Alikuwa ameikariri santuri, noti kwa noti. Alinyamaza pale Cordell aliponyamaza, kwenye nafasi za Lucius, akifumba macho kwa uzuri huku fidla zikimiminika. Na alipofika pale ambapo kilio kilimkaba Cordell, kijana akakunja uso, akabana koo, akautoa ule mkwaruzo. Akautoa vizuri, kwa ustadi, kama mtu anayetia pilipili kidogo kwenye mchuzi. Mama mmoja safu ya mbele akashika kifua akasema, "Ah."

Ernestine akainama sikioni mwa Cordell. "Huo ni wako?"

"Wangu."

"Ulikuwa unalia?"

"Karibu."

Ernestine akachukua mkoba wake akainuka wimbo ukiendelea. Watu waliwasonya mpaka wakafika mlangoni.

Nje ya ukumbi, kwenye sebule ya wageni, Markow alikuwa akivuta sigara. Alipowaona akatanua mikono. "Bi Pettway! Umeguswa, eh? Wengi wanatoka wakilia." Akanyoosha mkono.

Ernestine aliutazama ule mkono, akamtazama usoni, polepole, kuanzia paji mpaka kidevu. "Nilikuwa sijawahi kukuona karibu," alisema, akapita. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha Markow akaufuta kwenye suruali yake, bila kujua anafuta nini.

Ile santuri iliuzwa sana. Ikapigwa kwenye lifti, kwenye mabenki, na mara moja kwenye tangazo la sabuni. Mkataba ukamfunga Cordell miaka kadhaa, akafundisha filimbi katika shule ya Brooklyn, watoto wakimwachia mate katika filimbi zake, na hilo halikumtia kinyaa hata kidogo.

Kila Jumamosi alikuwa akienda kwa Ernestine. Piano ilikuwapo bado sebuleni. Cordell hakuwa mpiga piano, lakini alikaa akatafuta kwa vidole viwili kile alichokipiga Lucius siku ile New Jersey, na Ernestine, aliyekuwa nyuma ya mumewe muda wote, akawa hakimu.

"Sivyo. Alishuka."

"Alipanda, shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu."

"Na mimi ndiye niliyemwona mkono. Alishuka, halafu akangoja."

"Aliningoja mimi."

"Hakukungoja wewe, alikuwa anatafuta pumzi."

Cordell akaondoa vidole. Hilo hakuwa amelijua. Kisha akairudia sehemu ile, safari hii akishuka, akangoja mpaka Ernestine aliponyanyua kichwa kumwashiria aendelee.