Kitenge Juu ya Ubao

Mama Aubin hakupenda maji, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Kwao ni Rugari, nchi ya mawe, maharage na ng'ombe. Maji aliyoyajua ni ya mvua, yanayoingia kwenye pipa na kutulia humo. Kwa hiyo siku mwanawe alipopanda mpaka kambini Kanyaruchinya kumwambia kwamba ameacha kazi kwa seremala wa Birere, mjini, na ameingia kwenye boti, hakuuliza boti gani wala ya nani. Aliendelea kuchambua maharage.

"Unajua kuogelea?"

"Mama, hata muzee Modeste, mwenye boti, hajui sana."

"Basi mtazama pamoja. Hutakosa wa kuongea naye njiani."

Aubin alicheka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, mrefu kama babake, na kicheko chake kilikuwa chepesi mno kwa mahali pale, katikati ya mabanda ya bâche, yale maturubai ya plastiki, yaliyosimikwa juu ya mawe meusi ya volkeno. Akakaa chini, akaanza kusimulia. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, na chakula cha mji kilikuwa kinapita ziwani. Boti ya Modeste ilitoka Minova na ndizi, muhogo na mbuzi, ikarudi na chumvi, sukari na sabuni. Mafuta yakipanda bei na upepo ukiwa mzuri, walizima mota wakainua tanga.

"Tanga yenyewe ni bâche ya msaada, Mama, sawa na hii iko juu ya kichwa yako. Inajaa upepo, inakuwa na tumbo kama mama mjamzito. Mota inanyamaza. Unasikia tu maji inaongea chini ya mbao. Leo Minova, kesho Idjwi, kesho kutwa Kalehe. Na hakuna barrière ya askari! Hakuna mutu anakuuliza kabila, anakuuliza unatoka wapi."

"Na mawimbi yanakuuliza nini?"

"Mama, tangu niko mgongoni mwako tunakimbia. Kila mara mutu mwingine ndiye anachagua njia. Kule ziwani ni mimi nashika kamba."

Neno hilo lilimchoma. Akajibu kwa ukali, maana ndivyo alivyozoea kujibu kila kinachomchoma. "Mutoto wa mchunga ng'ombe na kamba ya tanga! Babako angecheka mpaka aanguke."

Babake, Twagirimana, alibaki nyuma siku waliyokimbia Rugari ili atoe ng'ombe. Hakuna aliyewaona tena, yeye wala ng'ombe. Vanessa, binti mdogo, alichukuliwa na homa hapohapo kambini. Aliyebaki ni Aubin. Kazi ile ya useremala mama aliitafuta kwa kumfuata fundi kila Jumapili nje ya kanisa, mpaka fundi akachoka kujificha. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe awe mahali ambapo mama anaweza kwenda kwa miguu akamkuta. Lakini kijana aliaga, akashuka mjini, na kesho yake alikuwa majini.

Wiki chache baadaye boti moja, si ya Modeste, ilipinduka mchana kweupe, bandari ya Kituku ikionekana. Habari ilipofika kambini Mama Aubin aliacha sufuria motoni akashuka mpaka ziwani bila kupumzika. Alikuta watu wamelazwa kwenye mchanga, wamefunikwa vitenge. Alifunua mmoja mmoja, na kila uso aliomba usiwe wa mwanawe. Hakuwamo. Aubin alikuwa pembeni kabisa na ndoo, anaosha boti yao. Mama aligeuka hapohapo. Alirudi kambini, akafungua fuko lake, akatoa kitenge kilichochujuka rangi, kile alichombebea Aubin.

Kwao, nguo iliyombeba mtoto mgongoni hairukwi. Anayeiruka amejikata na mgongo wa mamake, na akianguka mbele ya safari hana wa kumwokota. Hata mlevi anaizunguka. Mama Aubin alikimbia nacho kitenge hicho vita baada ya vita, wakati vyungu na Biblia viliachwa.

Asubuhi alikuwa Kituku tena. Boti ilikuwa inapakiwa. Ubao mrefu ulitoka ufukweni hadi kwenye boti, na wabebaji walipita juu yake na magunia ya chumvi. Aubin alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mama akapita mbele ya wote, akatandika kitenge katikati ya ubao, akashuka, akakunja mikono.

Mstari ukasimama.

"Mama," akaita Modeste kutoka ndani ya boti, "toa hiyo nguo. Upepo haitungojee."

"Ruka basi, muzee. Au wewe hukubebwa na mutu?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeinua mguu. Cibalonza, muuza samaki, akapiga kelele kutoka nyuma ya beseni lake: "Aubin! Ulisema ziwani hakuna barrière. Ndiyo hiyo, na inavaa kilemba!"

Kicheko kikazidi. Aubin hakucheka. Gunia lilikuwa bado begani.

"Mama, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo dawa inaingia."

Angeweza kuingia majini mpaka kiunoni akapanda kwa ubavu. Maji hapo hayakuwa marefu. Kila mtu aliliona hilo, naye aliliona; alitazama maji, akatazama bâche iliyokunjwa kwenye mlingoti, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Akatua gunia taratibu, kama linaloweza kuvunjika. Akavaa kandambili zake.

Mama akaokota kitenge. Boti ikapakiwa, ikaondoka, ikainua tanga lake la buluu. Aubin hakugeuka kulitazama. Mama alitangulia njiani kama mtu aliyetoka kununua ng'ombe.

Fundi alimpokea tena. Siku hizo kazi ilikuwa nyingi, nyingi yake masanduku ya maiti. Jumapili Aubin alipanda kambini, akala, akajibu alichoulizwa. Kucheka aliacha. Mama aliliona, akajiambia kwamba mtoto aliyenuna ana uzima.

Kisha mchana mmoja watu wenye bunduki walifunga mitaa ya Birere. Hawakusema ni wa nani, na hakuna aliyeuliza. Vijana wote waliotosha kubeba bunduki walipandishwa kwenye malori.

"Walimutoa na randa mukononi," fundi alimwambia mama. "Nilisema ni mufanyakazi wangu. Waliniambia ninyamaze ao nipande naye."

Mama alizunguka kila mlango uliokuwa na mlinzi. Kila mlango ulimtuma kwenye mwingine. Mwishowe miguu ilimpeleka Kituku, ingawa alijua hakuna cha kuuliza huko.

Modeste alimwona kwa mbali. "Mama Aubin! Aubin, fundi wetu, hajambo?"

Akamwambia. Mzee akavua kofia, akaiminya.

"Siku ile sisi tulikuwa Idjwi," akasema. "Hata hatukusikia."

"Sema yote."

"Niseme nini tena, mama?"

"Kwamba angekuwa na nyinyi."

Modeste alitazama kando. "Angekuwa na sisi," akasema. Halafu, kwa haraka: "Panda. Nitakufikisha Minova, sitaki kitu. Vita inashuka huku."

"Akitoroka atanitafuta wapi? Anajua kibanda kimoja tu."

Akarudi kukaa kwenye kibanda hicho. Mji ulibadilisha watawala, mizinga ikalia, ikanyamaza, na baada ya hapo ikatoka amri kwamba kambi zivunjwe na kila mtu arudi kwao. Kanyaruchinya yote ikaanza kukunja bâche. Donatille, jirani yake, alikuja na mzigo tayari kichwani.

"Twende, Mama Aubin. Rugari ni pale juu tu."

"Tangulia."

"Hapa hakubaki kitu! Utakaa na nani? Mawe?"

"Ukimwona Aubin kule Rugari, mwambie niko hapa."

Donatille akasawazisha mzigo kichwani, akaondoka na wenzake.

Jioni haijafika, mwanamume mmoja asiyemjua alikuja kuokota kuni. Alishika nguzo ya mwisho ya kibanda cha mama, nyingine zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, akaivuta, ikagoma. Mama Aubin alimtazama akihangaika. Akainuka, akamsaidia, kwa sababu mtu yule hakujua ilivyokuwa imekazwa kwa mawe chini. Nguzo ikatoka. Mwanamume akashukuru, akaenda nayo.

Yeye akarudi pale palipokuwa na mlango, akakaa.