Tembo Aliyekataa Picha Yake

Fundi Faradji, mpiga picha wa Kasongo, alikuwa na kamba barazani kwake, na kila Ijumaa baada ya swala alitundika hapo picha za wiki ili watu wazitoe makosa. Watu wa Kasongo kwa kutoa makosa hawajambo. Huyu sikio limezidi, yule kafumba jicho, bibi harusi kanuna utadhani kalazimishwa. Faradji alisikiliza yote bila kukasirika, akaingia tena katika chumba chake cha giza, akazisafisha upya mpaka maneno yakaisha. Kisha akamwita mwenye sura. Mwenye sura asipokubali, picha haitoki, hata aliyeiagiza awe nani.

Ndipo akaja Mama Régina, mkulima wa njia ya Kabambare. Mumewe, André, alikuwa gerezani kwa sababu hakupeleka mpunga ghalani, ule mpunga wa lazima ambao serikali ya Wabelgiji ilitaka kila mwanamume alime. Mpunga ulikuwa umeliwa na tembo. Kumpiga tembo ilikuwa kosa, kwa kuwa tembo ni wa serikali. Kukosa mpunga ilikuwa kosa vilevile. Bwana Administrata, Mbelgiji mkuu wa wilaya, alimwambia Régina kwamba habari za tembo amezisikia za kutosha, na akitaka mumewe atoke, alete kitu cha kuonekana kwa macho.

"Miye ninataka André arudi kwa nyumba," Régina alimwambia fundi. "Mengine sina shida nayo."

Faradji akafunga kamera kwenye baiskeli, akaenda. Tembo alikuwa bado shambani, anamalizia. Hakujificha. Faradji alimpiga picha moja, akamshukuru, akarudi zake mjini.

Ijumaa picha ikatundikwa, na baraza zima likacheka.

"Hii haiko tembo," alisema mzee Sumaili, muuza chumvi. "Hii iko jiwe. Tena jiwe ya usiku."

Fundi hakubisha, weusi ulikuwa umezidi kweli. Akachukua karatasi nyingine na dawa mpya, na chini ya taa akaukinga mwanga kwa kiganja ili ubavu wa mnyama usiungue. Safari hii tembo alikuwa tembo. Baraza likaridhika, na fundi, kama desturi yake, akatuma mtu kumwita mwenye sura.

Tembo alifika Jumatatu asubuhi. Alizunguka soko kwa nje asije akavunja vibanda vya watu, akasimama mbele ya baraza, akasalimu. Alisema Kibangubangu, maana alikulia pande za Kabambare, na Waridi, mke wa Faradji, ambaye kwao ni huko huko, akawa anatafsiri. Aliitazama picha kwa jicho moja, halafu kwa jingine, akaikataa.

"Anauliza kinywa yake iko wapi," alisema Waridi. "Anasema ni yeye alikula, na haogopi kusema. Lakini hapa anaonekana kama mutu anapita tu njia, anaenda kwa shemeji yake."

"Iko na haki," alisema Régina, aliyekuwa barazani akiingoja picha.

Faradji alikuna kichwa, akarudi gizani. Kesho yake kinywa kilionekana, na masuke ya mpunga yakining'inia huku na huku. Tembo akasema sasa mpunga wenyewe haujulikani ni mpunga, watu watadhani amekula majani ya porini. Fundi akarudi tena gizani. Baraza nalo halikukaa kimya: punguza mbingu, ongeza miguu, hiyo mipaka ya shamba mbona imefifia? Wiki ile hakuna aliyechapa kazi nyingine mtaani. Waridi alimletea mgeni migomba, akala kwa adabu, akashukuru kila mara.

Picha ya mwisho ilikuwa safi mno. Ungeweza kuona punje, vijiti vya mpaka, hata kile kibanda cha miguu mirefu ambamo mlinzi hukaa akigonga bati kufukuza wanyama. Tembo aliitazama kwa muda mrefu.

"Anasema hakujua kama iko muzuri namna hii," alisema Waridi. "Amekubali."

Régina alicheka. Tangu André achukuliwe, hakuwa amecheka.

Wakaenda ofisini wanne: Régina, Faradji, Waridi wa kutafsiri, na tembo, ambaye alibaki nje karibu na bendera kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba. Bwana Administrata aliipokea picha, akaisogeza dirishani. Uso ukamng'aa. Akasema hata huko Ulaya hajaona picha ya mnyama iliyotulia hivi.

"Sasa ninaona muzuri kabisa," alisema. "Ninaona hata kibanda. Haina mutu. Mulinzi alikuwa wapi?"

"Mulinzi ni André," alisema Régina. "Ile siku tembo alianza kula, mulikuwa mumemupeleka kulima barabara yenu."

"Barabara ni barabara, mama. Shamba ni shamba."

Akamwongezea André kifungo, kwa kosa la kuacha shamba bila mlinzi. Tembo alisogeza kichwa dirishani akasema tena, kwa kinywa cha Waridi, kwamba ni yeye aliyekula. Bwana Administrata alimshukuru kwa ukweli wake, akamwambia serikali haina neno naye, aende kwa amani. Picha ikabaki ofisini, ikatundikwa ukutani, na kusema kweli ilipapendeza.

"Afazali ningeiacha jiwe," Faradji alimwambia mkewe. Ijumaa mbili hakutundika kitu.

Tembo aliona haya. Alimfuata Régina mpaka kijijini, na msimu uliofuata akawa mlinzi wa shamba lile. Kibanda hakikumtosha, akasimama kando yake akigonga bati kwa mkonga. Alifukuza nguruwe, akafukuza nyani, akafukuza na jamaa zake mwenyewe, ambao walimtukana sana. Suke hata moja hakugusa. Régina alijifunza Kibangubangu chake, wakawa wanapiga soga jioni na kuteta kuhusu mvua. Mpunga ulizaa kupita kiasi. Ghala la serikali lilipokea mzigo likashindwa kufunga mlango.

Régina akajifunga kitenge kizuri, akaenda kumchukua mumewe.

Bwana Administrata alimpongeza sana. Akamwambia akae kitako.

"Shamba inaenda muzuri bila yeye," alisema. "Barabara ndiyo haiendi. Tumuachilie juu ya nini?"

Régina aliinuka. Alitoka bila kuaga, akamkuta André barabarani na jembe, pamoja na wafungwa wengine, akampa wali aliobeba. André alikula kwa furaha, akalamba vidole.

"Iko mutamu," alisema André. "Haijatokea mupunga kama hii kwetu."

"Haijatokea," alisema Régina, akalia mbele ya watu wote.

Aliporudi, tembo alikuwa ukingoni mwa shamba, anauliza kama mbegu ziko tayari. Régina akaketi chini.

"Ukikula, wanamufunga," alimwambia. "Usipokula, hawamuachilii."

Tembo aliwaza. Aliwaza mpaka masikio yakaacha kupepea, halafu akamuuliza basi wafanye nini.

"Miye sijui," alisema Régina.

Wakapanda, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza.