Kidirisha cha Mwaloni

Nzigire alianza kazi katika baa ya Mwaloni siku ya Jumanne, na saa sita mchana ilipokaribia alikuwa amekwisha kukaanga viazi vya kulisha ukoo mzima. Jikoni palikuwa na joto la kukausha mate. Ukutani, upande wa msitu, palikuwa na kidirisha cha mbao kilichopakwa rangi juu ya rangi mpaka kikashikana na ukuta. Alichukua kisu, akakata rangi pembeni, akakisukuma kwa bega. Hewa ya kilima cha Iroquois ikaingia, na pale nje palikuwa na wanaume weusi wamepanga foleni, kofia mkononi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Walikuwa wamekufa zamani, hilo lilionekana wazi, lakini njaa yao ilikuwa ya mchana uleule.

Akawapa viazi.

Zamani, kando ya msitu ule, zilikuwapo nyumba za wageni kadhaa. Watu wa mjini Louisville walikuja kwa tramu kupunga hewa chini ya miti, wakarudi makwao wakiyumba. Moja iliungua, nyingine siku hizi inauza matairi, na iliyobaki ni Mwaloni. Jina lake la kwenye bango ni refu na la Kiingereza, ila Wakongo wa mtaa wa South End waliona ule mti mkubwa wa mwaloni ulioinama juu ya paa, wakaiita hivyo, wakamaliza maneno. Ndani kuna picha za farasi wa mbio, na ukumbi wenye meko ya mawe ambayo ng'ombe angeweza kulala ndani yake na ndama wake. Mbele kuna mlango wa mabawa mawili. Wafanyakazi hupita nyuma, karibu na mapipa ya taka.

Ule mlango wa mbele ndio uliomnyima Nzigire usingizi. Binti yake Alliance alikuwa anaolewa Oktoba, na kwa watu wa Bukavu bibi harusi haingii ukumbini kama anayekwenda kununua chumvi. Anaingia akicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, wasimamizi mistari miwili, shangazi wakipunga vitambaa, na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake wali unaweza kupoa. Nzigire mwenyewe aliolewa kambini Nakivale, ndani ya shitingi, turubai la wakimbizi, na shitingi haina mlango. Unainua pembe, unainama, unaingia. Jambo hilo limemuuma mpaka leo. Aliuona mlango wa Mwaloni siku ya usaili na moyo wake ukasema, mwanangu atapita hapa. Alliance alimjibu kwa Kiingereza kwamba hata kwenye maegesho ya magari angeolewa tu, mradi mchumba wake Ombeni awepo. Watoto hawa!

Siku ya pili marehemu walirudi, na wakaomba bia. Aliyekuwa mbele ya foleni aliitwa Lucius, fundi wa mawe, mtu mrefu mwenye masharubu. Mkalimani hakuhitajika. Nzigire alimsikia akisema Kiswahili cha Bukavu, tena cha mtaa wa Kadutu kabisa. Lucius alieleza bila lawama kwamba waliletewa bia hapa tangu enzi za uhai wao, na hata baada ya kufa, mpaka kidirisha kilipozibwa, ila tangu wafe haishuki. Unainua kikombe, unakunywa, unakiweka chini, kimejaa vilevile. Ni jambo la kuchosha.

Nzigire alijaza kikombe, akakipitisha kidirishani, na katikati ya safari mkono wake ukafanya lile ulilofundishwa na mama yake: ukakirudisha mdomoni, akaonja. Kwao hakuna mgeni anayepewa kinywaji kabla mwenye kumpa hajakionja. Ndivyo unavyotoa sumu, au walau ndivyo unavyoonyesha kwamba hukuitia. Alikumbuka alipo, na kwamba Marekani ukionja kinywaji cha mteja unafukuzwa kazi, lakini povu lilikuwa limeshamkaa juu ya mdomo.

Lucius akakichukua, akanywa. Bia ikashuka. Akanywa mpaka akaiona sakafu ya kikombe, akafuta masharubu, akawageukia wenzake na kuwaambia wasogee karibu.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Nzigire alionja kila kikombe, na yeye ni mtu wa kwaya, mlokole asiyegusa hata divai ya keki. Mumewe, Birindwa, aliyekuwa akipakia mizigo ghalani usiku na kulala mchana, alinusa akanyamaza. Waimbaji wa sauti ya pili hawakunyamaza. Mchungaji Azarias akaja mwenyewe, saa ya chakula, akasimama jikoni na Biblia kwapani. Aliwatazama wale marehemu kwa makini, akawauliza kama walibatizwa. Wakasema ndiyo, mtoni. Akafurahi sana kusikia mtoni.

"Bon, Mama Alliance," akasema. "Kuonjea mugeni si kunywa. Lakini ukimeza mara mbili, hiyo ni habari ingine."

Akala viazi, akaenda zake.

Mwenye baa, Bwana Haskell, alikuwa mtu wa kucheka na kupiga watu mabega. Alipoona foleni alisema aa, hao. Babu yake aliwahi kuwataja. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayekufundisha siku ya kutoa taka, kwamba ndio walioijenga nyumba hii, meko na yote, na kwamba watu wa rangi yao hawakuruhusiwa kuingia ukumbini, kwa hiyo walihudumiwa pale kidirishani. Sheria zilipobadilika, babu alikipaka kidirisha rangi. Mlango wa mbele hakuugusa, wala hakuna aliyekwenda kuwaambia kwamba sasa wanaweza kuupita.

Habari zikaenea. Wateja wakaanza kuja mchana na watoto wao, wakakaa kwenye nyasi, wakawapungia marehemu mikono. Haskell akatundika taa ndogondogo juu ya kidirisha. Siku moja akampiga Nzigire bega, akamwambia aombe lolote.

Nzigire alikuwa amejiandaa. Akaomba mambo mawili: wazee wale waingie kwa mlango wa mbele, na Alliance naye apite hapohapo siku ya harusi.

Haskell akacheka kwa upendo. Wazee wakiingia mbele, akasema, watakuwa wateja tu kama wengine; watu wanakuja kuwaona kidirishani, hiyo ndiyo historia yenyewe. Kuhusu harusi, ukumbi Jumamosi ile una chama cha wahifadhi wa majengo ya kale, wana chakula chao cha kila mwaka. Lakini uani pako wazi. Uani pazuri zaidi, kuna majani.

Nzigire alirudi kwenye mafuta yake, akalia kidogo, akasingizia vitunguu. Lucius, kiwiko juu ya kizingiti, aliuliza harusi ni saa ngapi. Saa saba, akajibu. Lucius akasema Oktoba uani kuna baridi.

Jumamosi ikafika. Chama cha wahifadhi kiliingia kwa mlango wa mbele, koti baada ya koti. Wakongo wakazunguka nyuma, wakapita mapipa ya taka, ambayo shangazi walikuwa wameyavisha vitenge tangu asubuhi. Walipofika uani, meko yalikuwa yakiwaka. Ni yaleyale ya ukumbini, jiwe kwa jiwe, na bomba lake la moshi, yamesimama kwenye nyasi kati ya kidirisha na msitu, na Lucius na wenzake wakipangusa mikono. Mawe ni yetu, walisema, tuliyabeba mgongoni kutoka kilimani. Kuyabeba mara ya pili si kitu.

Ukumbini palibaki tundu ukutani. Wahifadhi walikula supu wamevaa makoti, na kwa kuwa ni watu wenye adabu hakuna aliyelitaja.

Alliance aliingia akicheza kutoka msituni. Hatua mbili mbele, moja nyuma, majani mekundu yakimwangukia kwenye shela, mistari miwili ya wasimamizi nyuma yake, na nyuma ya wasimamizi marehemu, kofia kifuani, wakikosea hatua kwa furaha. Shangazi wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama. Wali ulipoa, kama inavyotakiwa. Nzigire alicheka, alicheza, aliimba sauti ya kwanza peke yake pale sauti ya pili iliposhindwa. Harusi ilikuwa nzuri. Lakini kila alipogeuka aliuona ukuta wa nyumba, na upande wa pili wa ukuta ule aliujua mlango.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya kilima, mafundi waliyarudisha meko mahali pake na kuyaziba vizuri, maana hawakuwa watu wa kuacha kazi nusu. Haskell alipita akipiga picha, akasema hakika hiyo ndiyo harusi bora iliyowahi kufanyika hapa, na kwamba mwakani watafanya zingine za namna hii, uani. Kisha akaenda kufunga mbele. Kufuli lilisikika mpaka nyuma.

Nzigire alijaza kikombe cha mwisho, akakionja, akampelekea Lucius kwenye benchi lililo chini ya kidirisha. Mzee akanywa taratibu.

"Na wewe, mama," akauliza, "banakuachaka uingie mule?"

"Kila siku minaingia."

"Kwa mulango gani?"

Nzigire akatazama viatu vyake vya harusi. Vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kisigino.

Lucius akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi, na Nzigire akakaa.