Fulana za Nyakabindi

Baba mdogo alikuja ofisini kwetu Bariadi siku ya Jumanne, amevaa fulana mpya ya njano. Mgongoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyekundu: MABINGWA, NYAKABINDI.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Nilisimama, nikapiga goti kidogo, nikaitikia. Wenzangu wawili waliacha kuandika wakawa wanaisoma fulana.

"Baba mdogo, mashindano si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi."

"Sasa fulana imechapwa lini?"

"Jana, pale stendi. Ziko ishirini na mbili. Na majembe tumeyasugua kwa mchanga, ukitazama unajiona meno."

"Na mkishindwa?"

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Tushindweje, Joyness? Mtoto wetu si yupo mezani?"

Aliondoka akiwaaga wote kwa mkono, hata fundi aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha taa. Mimi nilikaa. Masikio yangu yalikuwa ya moto.

Mimi ni afisa utamaduni. Wakati huo nilikuwa na miezi tisa kazini, bado niko kwenye muda wa matazamio, na kazi ya kwanza kubwa niliyokabidhiwa ndiyo hiyo: kuandaa mashindano ya kupata kikundi kimoja cha ngoma kutoka Ngulyati kitakachocheza Nyakabindi kwenye maonesho ya Nane Nane. Kamati ya waamuzi tulikuwa wanne. Karatasi ya alama niliipanga mimi mwenyewe, kwa rula. Vikundi vilivyobaki vilikuwa viwili tu. Cha kwanza ni bayeye wa Ngassa, wanaocheza na nyoka. Cha pili ni bugobogobo, ngoma ya majembe, na kiongozi wake ni Mwandu Machibya, baba yangu mdogo.

Nimekulia kwake. Nilipopata nafasi ya chuo aliuza maksai mmoja, msimu ule akalima kwa kuazima wa jirani, na hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Amecheza bugobogobo miaka thelathini. Amecheza kwenye harusi, kwenye mavuno ya pamba, mbele ya wageni wasiojua jembe ni nini. Nyakabindi hajawahi kucheza. Na mwaka huu magoti yake yameanza kulia kama kitanda cha kamba. Kila mtu nyumbani alijua kwamba kama si mwaka huu, basi.

Jioni ileile niliandika barua ya mistari miwili kwa mkuu wangu wa idara, Mama Domitila, kueleza kwamba mmoja wa washindani ni mlezi wangu, hivyo naomba nisiwe mwamuzi. Chuoni tulifundishwa hivyo, na ni jambo jepesi sana kulijibu kwenye mtihani. Jumatano nilipoipeleka, Mama Domitila alikuwa kikaoni. Alhamisi mlango wake ulikuwa wazi lakini kulikuwa na wageni. Ijumaa alikuwa peke yake, anacheka na mtu kwenye simu, nikaona si vizuri kumkatiza kicheko. Ndivyo nilivyo. Jumamosi asubuhi tulipanda gari la ofisi kwenda Ngulyati barua ikiwa bado imo kwenye mkoba wangu.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Pamba ilikuwa imeshavunwa, watu walikuwa na nafasi na wamevaa vizuri. Chini ya turubai walitupangia meza yenye kitambaa cheupe na kipaza sauti kimoja. Upande wa kulia niliziona zile fulana ishirini na mbili za njano. Baba mdogo alininyooshea jembe juu, likang'aa. Wenzake wakanipungia kama watu waliokwisha kupokelewa.

Mama Domitila, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alifungua kwa sala fupi, kisha akasema, "Kabla hatujaanza, kuna mjumbe mwenye neno?"

Aliuliza kwa desturi tu. Sidhani alitegemea jibu. Niliona mkono wangu umeshakwenda juu, na kipaza sauti kikanifikia.

"Mimi..." Kipaza sauti kikapiga yowe. Nilikiweka mbali kidogo. "Mimi naitwa Joyness Machibya. Mwandu ni baba yangu mdogo. Yeye ndiye aliyenilea. Nikitoa alama leo, sitajua kama ninahesabu miguu yake au wema wake. Naomba nisiwe mwamuzi."

Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Hilo si tunalijua, ng'wanawane, mwanangu! Hiyo pua umeitoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo hakucheka. Alishusha jembe polepole, akaegemea mpini, akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikipita upande wa pili wa kijiji. Nilitamani kitambaa cha meza kinifunike.

Salvatory, afisa kilimo, akakohoa. "Mwenyekiti, kwa kuwa mwenzetu amesema... na mimi mke wangu ni dada yake Ngassa. Ndiyo. Nimeona niseme, maana leo nalala nyumbani."

"Shemeji!" Ngassa aliita kutoka upande wake, na bayeye wote wakapiga miluzi.

Nyanjige, afisa maendeleo ya jamii, akainamia kipaza sauti bila kusimama. "Yule mpiga ngoma wa Mwandu, mwenye kofia. Ni mtoto wangu wa ubatizo. Nilimshika mimi mwenyewe mikononi. Alilia sana."

Mpiga ngoma akavua kofia, akajificha uso. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Tukabaki tunamtazama Mama Domitila. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nilikuwa naomba Mungu msinitazame," alisema. "Mnamwona bibi yule pale, aliyekaa na waimbaji wa Mwandu? Mwenye fulana ya njano mpaka magotini? Yule ni mama yangu mzazi."

Bibi akasimama, akageuka ili kila mtu aone maandishi ya mgongoni, akakaa. Nafikiri hapo hata kuku wa Ngulyati walicheka.

"Sasa nani atatuamulia?" Salvatory aliuliza akifuta machozi.

Macho yetu yote yakaenda kwa dereva wetu, Nandonde, aliyekuwa ameegemea gari nyuma ya goli la kushoto akitafuna muwa.

"Mimi kwetu Masasi," alisema alipofikishwa mezani. "Hapa Usukumani sina ndugu, sina mkwe, sina hata mbuzi."

Watu wakampigia makofi. Akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akavuta karatasi yangu ya alama, akaomba kalamu kwa heshima kubwa. Wakati huohuo Ngassa akafungua kapu lake. Chatu akatoa kichwa, halafu shingo, halafu mwili uliokuwa unaendelea tu kutoka.

Nandonde akaweka kalamu chini. "Mama, na mimi nina maslahi."

"Maslahi gani tena, baba?"

"Naogopa nyoka. Wale wa majembe nitawapa mia kwa mia hata wakilala usingizi."

Akarudi kwenye gari kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Mama Domitila alinisogezea kipaza sauti. "Joyness, wewe ndiye uliyeianzisha hii. Imalizie."

Sikuwa na kitu cha kusoma. Nilikumbuka bibi yangu alivyokuwa akisimulia tukipukuchua mahindi, kwamba zamani ngoma za Wasukuma hazikuwa na meza. Vikundi viwili vilicheza wakati mmoja, na mwamuzi alikuwa miguu ya watazamaji. Penye watu wengi ndipo penye mshindi. Nikalisema hilo, kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilinisaidia. Mwandu goli la kulia, Ngassa goli la kushoto. Nusu saa. Simu ya Salvatory ikilia, Mama Domitila anapuliza filimbi, na kila mtu anahesabiwa pale filimbi ilipomkuta.

Wazee waliitikia kwa kupiga fimbo chini. "Gete! Hivyo ndivyo!"

"Na mimi nikae wapi?" nilimuuliza Mama Domitila taratibu.

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe si mwamuzi tena. Leo wewe ni mwananchi. Unaniuliza mimi?"

Nilivua kitambulisho changu cha kazi, nikakiweka mezani. Nikavua na viatu. Kisha mimi, ambaye shuleni nilikuwa nikiimba kwaya kwa kufungua mdomo tu, nilivuka ule uwanja mbio, peku, mbele ya watu wote, nikaelekea goli la kulia.

Baba mdogo aliniona ninakuja. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Alilirusha jembe lake juu, likazunguka mara mbili, akalidaka, kisha akachukua la pili akanirushia mimi.

"Shika!"

Nililidaka. Mpaka leo sijui niliwezaje. Bibi mwenye fulana akapiga kigelegele, na mimi nikaingia kwenye mstari.

Tulicheza. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja, vumbi likafika kiunoni, na magoti ya baba mdogo sikuyasikia kabisa. Watu walimiminika kwetu. Nilipogeuka niliona goli la kushoto limebaki kama shamba lililovunwa. Salvatory alikuwa kule peke yake na watu wachache, anapiga makofi kwa ajili ya ndoa yake. Nilifikiri: Nyakabindi, tunakwenda Nyakabindi.

Ndipo chatu wa Ngassa alipochoka kucheza. Aliteleza begani mwa bwana wake, akavuka chaki ya goli bila haraka, akaelekea kivuli kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha gari la ofisi.

Sauti iliyotoka kwa Nandonde sikuijua ni ya lugha gani. Alipanda boneti, akapanda juu ya paa, akasimama na kipande chake cha muwa akikielekeza chini kama mkuki. "Mwondoeni! Hili ni gari la serikali! Mwondoeni!"

Ngulyati yote ikakimbia kwenda kuona. Walikimbia watoto, wakakimbia mama zao, wakakimbia wauza karanga. Mpiga ngoma wetu mwenye kofia naye aliondoka na ngoma yake. Kule wakamkuta Ngassa, ambaye hakuwa mjinga: alimchukua chatu taratibu, akamvaa shingoni, akaanza kucheza kuzunguka gari huku akiimba papo hapo wimbo wa dereva wa Masasi aliyegeuka kuku darini. Watu wakaitikia kiitikio.

Simu ya Salvatory ikalia. Filimbi ikapulizwa.

Upande wetu tulibaki wachezaji, mimi, bibi mwenye fulana, na mbwa.

Kelele zikaanza. "Si haki! Watu wamefuata dereva, hawakufuata ngoma!" Wenzetu wa njano walikuwa wamesimama mbele ya meza na majembe. "Joyness! Wewe ndiye uliyeweka sheria. Sema!"

Wote walinigeukia. Na kweli, kulikuwa na la kusema. Ningeweza kusema irudiwe. Nafikiri watu wangekubali, maana walikuwa na furaha na jua lilikuwa bado juu. Nilimtazama baba mdogo, jasho likimtiririka kwenye fulana yake. Nilifungua mdomo kama kwenye kwaya.

Yeye ndiye aliyesema.

"Mwacheni mtoto. Filimbi imewakuta wapi watu?"

"Lakini Mwandu, dereva..."

"Nimeuliza, imewakuta wapi?"

"Kwa Ngassa," mtu mmoja alijibu chini chini.

"Basi filimbi ni filimbi." Aliweka jembe begani. "Alivyosema maneno yake pale mezani, nilitaka nimchape na mpini. Mnisikie, kweli nilitaka. Halafu nikawaza: ningekwenda Nyakabindi, kila nikirusha jembe, mtu angemnong'oneza mwenzake, 'Huyu kapelekwa na binti yake.' Mimi? Miaka thelathini? Heri nishindwe na nyoka."

Akavua fulana. Akatembea kifua wazi mpaka goli la kushoto, akampa Ngassa.

"Vaa. Maandishi hayana kosa, ni watu tu waliokosewa."

Ngassa ni mtu mpana. Fulana ilimfika juu ya kitovu na kukwama hapo, na chatu akachungulia kwenye shingo yake. Wachezaji wetu nao wakaanza kuvua mmoja mmoja, wakicheka, wakigombana ya nani inamfaa nani. Bibi pekee ndiye aliyekataa. Alisema yake ameshaizoea.

"Wabeja, Mwandu," Ngassa alishukuru. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Wabeja sana."

Mama Domitila alinirudishia kitambulisho na viatu. Nilikumbuka mkoba, nikatoa ile barua, imekunjamana, ina vumbi. Aliisoma mistari yote miwili.

"Hii ni ya Jumanne."

"Ndiyo, Mama. Niliona aibu kukukatiza."

"Siku nyingine nikatize," alisema, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye faili.

Nandonde alikubali kushuka baada ya kapu kufungwa kwa kamba mbili. Tulipokuwa tunaondoka, baba mdogo alikuja dirishani, kifua wazi, amebeba majembe mawili.

"Hili ulisahau," alisema, akanipa moja.

"Nitalipeleka wapi, baba mdogo? Ofisini?"

"Popote. Mwaka kesho mashindano yapo, na wewe mezani hukai tena, umeshajitoa mbele ya watu." Aligonga bati la mlango. "Kwa hiyo una mwaka mzima wa kujifunza kulidaka bila kufumba macho."