Mkono wa Reino

Mume wangu Tauno alikuwa anakoroma mpaka sahani zinalia kabatini. Sitanii. Kwa miaka mingi nilimwachia chumba, nikabeba blanketi langu na kwenda kulala kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna yetu, kibanda cha kuogea mvuke, ng'ambo ya ua. Majirani walisema tumegombana. Hatukugombana. Nilitaka usingizi tu, na kule niliupata.

Mchana niliona mengine, ila sikuyaunganisha. Aliamka kichwa kinamuuma, hasira ziko karibu, akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe na bado akasinzia mkate ukiwa mkononi. Majira ya theluji yeye ndiye aliyesafisha barabara ya kijiji kwa trekta. Asubuhi moja ya Desemba alilala kwenye usukani, akaangusha masanduku ya barua ya majirani wote, yale yaliyopangwa safu moja pale njia panda. Akayajenga upya mwenyewe. Walipomuuliza, akasema jua lilimwingia machoni. Desemba, huku kwetu kaskazini ambako mwezi huo jua halichomozi, eti jua. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Kisha bomba la moshi la sauna likapasuka, moto haukuweza kuwashwa, baridi ikaingia kule, nikalazimika kurudi kitandani kwangu.

Usiku wa kwanza nilijiziba masikio kwa mto. Mara kukawa kimya, nikashukuru. Kimya kikazidi, ndipo nikagundua kwamba hata pumzi haipo. Nikainuka. Kifua chake kilikuwa kinahangaika kupanda, na hakuna hewa inayoingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka nje ya blanketi, vidole wazi, unatafuta kitu hewani. Halafu akashtuka kwa mkoromo mzito kama mtu anayeibuka majini, mkono ukaanguka, akaendelea kulala. Baada ya muda mfupi, yale yale. Mpaka alfajiri alikuwa anakufa na kurudi, nami nimejikunyata ukutani, naogopa kumgusa na naogopa kutomgusa.

Nilimburuta hadi kituo cha afya. Wakampa kifaa cha kupima usingizi akalale nacho nyumbani, kisha daktari, binti mdogo asiyezunguka maneno, akatueleza. Akilala, koo linaziba. Ubongo unakosa hewa, unamshtua, anavuta pumzi, linaziba tena, usiku kucha. Ndiyo maana anasinzia mchana, ndiyo maana shinikizo la damu limepanda, na moyo umeshaanza kuchoka. Akamkataza trekta kwa muda, akampa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa. Asipoivaa, alisema, siku moja moyo hautamsubiri.

Tauno aliivaa usiku mmoja, akalala kimya kama mtoto. Asubuhi uso ulikuwa na rangi na kichwa hakiumi. Nilifurahi mno. Usiku uliofuata niliikuta barakoa chini ya kitanda, na uliofuata pia. Nikamfokea, nikamwita mbishi, nikamwambia sina haraka ya kuwa mjane.

Bomba lilipotengenezwa tukaenda sauna, tukakaa juu kwenye benchi, na safari hii nikamuuliza bila ukali kwa nini anaivua. Akamwaga maji juu ya mawe ya moto ya jiko. Mvuke ukatufunika, na alipokuwa haonekani ndipo akasema.

Nilijua kwamba alikuwa na mdogo wake, Reino, aliyezama ziwani chini ya barafu wakiwa watoto. Picha yake iko ukutani kwetu na haizungumzwi. Sikujua kwamba Tauno alikuwepo.

"Nililala kifudifudi juu ya barafu," akasema. "Nikanyoosha mkono. Ilibaki kidogo tu tushikane, Kerttu. Kidogo hivi."

Akaniambia kwamba usingizini yuko pale tena, hewa hana, na Reino anamnyooshea mkono kutoka majini. Na kila usiku vidole vyao vinakaribiana zaidi. Usiku wa barakoa Reino hakuja.

Katika ndoa yetu yote, sisi wengine tukitoka sauna tulijitumbukiza ziwani kwenye tundu lililokatwa katika barafu, na Tauno akabaki amesimama na taulo huku mimi namwita mwoga mbele za watu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini hasira nayo ilikuwepo, na ndiyo iliyosema.

"Na siku ukiushika huo mkono, nani atamvuta mwenzake?"

Akachota maji mengine, akayamwaga juu ya mawe.

"Na mimi je, mzee? Mimi unaniacha wapi?"

Usiku ule alivaa barakoa mwenyewe, akageukia ukutani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anamwacha mdogo wake majini kwa mara ya pili, kwa ajili yangu. Nikasikiliza mashine ikipumua.

Afya ikarudi. Daktari akamruhusu trekta. Lakini alikuwa anakaa dirishani akilitazama ziwa mpaka kahawa inapoa, macho makavu, hasinzii tena hata kidogo, lakini kimawazo hayupo.

Mwezi wa Februari upepo uliangusha miti juu ya nyaya, umeme ukakatika usiku. Kimya ndicho kilichoniamsha. Mashine ilikuwa imezimika, barakoa ameshaing'oa, na mkono uko juu, vidole wazi. Nikamwita. Nikamtikisa. Koo lilikuwa limeziba na hakuamka, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia.

Basi nikaushika ule mkono. Vidole vikajifunga kwenye vyangu mpaka mifupa ikalia. Nikapiga magoti kitandani, nikamvuta kwa nguvu zangu zote huku nalia, mpaka mgongo wake ukainuka na pumzi ikamwingia kwa kishindo.

"Reino," akasema, amefumba macho.

Nilikaa nimeushika mkono wake mpaka umeme uliporudi, nikamvalisha barakoa.

Asubuhi alikunywa kahawa yote ingali na moto. Akasukuma kikombe pembeni.

"Nimempata," akasema. "Nimemtoa."

Nikamkatia mkate.

"Ajabu, Kerttu. Mkono wake ulikuwa na joto."

Nikaficha vidole vyangu vilivyovimba chini ya aproni, nikamwambia ale.