Kompresa ya Nyuma ya Mochwari

Siku ile Hezekia, fundi wa friji, alikuwa Bomani, amepiga magoti nyuma ya friji la muuza soda, sikio kalielekeza kwenye kompresa. Alimpigia mkewe Eunice kumwambia asimwekee chakula cha mchana, maana angechelewa. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Aliyepokea alikuwa jirani, naye hakusema lolote ila, "Rudi nyumbani, baba Ezra." Hezekia aliziacha bisibisi zake palepale sakafuni. Alimkuta Eunice amelazwa uani kwao Turwa, kando ya ungo wa mtama, kanga imemfunika uso. Maji aliyokuwa akioshea vyombo yalikuwa bado na povu.

Jioni walimpeleka mochwari ya kituo cha afya. Kilikuwa chumba kimoja cha baridi chenye nafasi ya watu watatu, na wawili walikuwamo tayari. Mashine yake ilikaa nyuma, chini ya kibanda cha bati, na kwa miaka mingi aliyeifungua na kuifunga alikuwa Hezekia mwenyewe.

Eunice ilibidi angoje. Katika ukoo ule kaburi la mama huanzwa na jembe la mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo, Ezra, alikuwa dereva wa malori, amekwama kwenye foleni mpakani Tunduma. Alipopata habari alimwachia utingo lori akapanda basi.

"Tata," alimwambia baba yake kwenye simu, sauti ikikwaruza, "msimfukie mama bila mimi."

"Jembe nimeliegemeza ukutani," Hezekia akamjibu. "Hakuna atakayeligusa mpaka ufike."

Usiku ule hakulala, lakini hakuwa na hofu. Mashine aliijua.

Asubuhi alikwenda kuitazama. Mhudumu wa mochwari, kijana aitwaye Kisyeri, alimsalimu shikamoo akiwa tayari na uso wa habari mbaya. Mashine ilikuwa inawaka kidogo na kuzima, inawaka kidogo na kuzima. Hezekia aliinama akasikiliza. Kompresa ilinguruma kama mtu anayenyanyua gunia lililomzidi, kisha likasikika tik, kimya kikatanda.

Ile tik ilitoka kwenye ovalodi, kidude cheusi kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa. Ndani yake mna kibati kidogo. Umeme ukipungua, mota hulazimika kuvuta kwa nguvu kupita kiasi, inapata joto, kibati kinajikunja na kukata njia ya umeme. Mota ikipoa, kibati kinajinyoosha, tik, inawaka tena. Pembeni ukutani palikuwa na gadi, kisanduku chenye taa, ambacho umeme ukiyumba huizuia mashine kwa dakika kadhaa, ili gesi iliyobanwa upande mmoja ipate kurudi na kutulia. Ukiiwasha kabla haijatulia, mota inasukuma ukuta. Watu wengi huona gadi inawachelewesha. Wanaichomoa, wanaunga waya moja kwa moja, na baada ya wiki wanamletea Hezekia kompresa iliyoungua wakimwambia haikuguswa na mtu. Eunice alikuwa akiwacheka. "Wanadhani friji ni punda," alisema. "Limechoka, lipigwe."

"Umeme ni mdogo," Hezekia alimwambia Kisyeri. "Nani anauvuta?"

Hakuhitaji jibu. Mngurumo ulikuwa ukisikika ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusaga ya Selestine. Kituo na kinu hicho vilikula waya mmoja.

Selestine alitoka mlangoni mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Alimpa pole kwa mikono miwili.

"Mura, kijana wangu, naomba uzime mpaka jioni," Hezekia alisema. "Mama Ezra yumo mle ndani na mashine ya baridi haipati nguvu."

"Nizime tu, mzee. Kwa mama Ezra nitakataaje? Ila waambie wewe mwenyewe hao."

Wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Mmoja wao, jirani yake kabisa, alimtazama kwa huruma.

"Baba Ezra, unajua huu ni unga wa nani?"

"Wa nani?"

"Wako. Watu wa Kisaka, kwao mama Ezra, wamekuja lori zima. Wanaomboleza vizuri, lakini wanakula vizuri zaidi." Mwenzake alimfinya, naye akashusha sauti. "Tukizima, watalala njaa kwenye msiba wa dada yao."

Hezekia alisimama pale. Mtama uliokuwa unasagwa ulitoka kwenye ghala la Eunice. Ulezi ulichangwa na kanisa. Alimrudia Selestine. Mwisho Selestine alikubali kupumzisha kinu kila baada ya magunia machache, na Hezekia akarudi nyuma ya mochwari.

Haikutosha. Kinu kilipumzika, kompresa ikapata nguvu, ikaanza kuvuta baridi. Kisha kinu kikanguruma tena, tik, kimya. Kufika adhuhuri bati la kibanda lilikuwa halishikiki. Kisyeri aliufungua mlango wa chumba mara moja tu, akaufunga haraka. Walipiga simu hospitali kubwa wakajibiwa hakuna nafasi hata ya mmoja.

Hapo ndipo alipofika Tomaso, kaka yake Eunice, na wazee wawili wa Kisaka. Alisimama akaisikiliza ile mashine ikinguruma na kukata, kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Shemeji, ni nini hiki?"

"Umeme ni mdogo. Kinachoikata ni kinga yake, ili isiungue. Iachwe ipoe."

"Ipoe." Tomaso aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Mashine ipoe, dada yetu apate joto."

"Si hivyo, shemeji."

"Friji za bia za mji mzima zinakutii. Hii yenye mke wako ndiyo inakushinda? Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Amepita Singida."

"Basi sisi tutakaa hapa. Akifika akute mama yake ni mama yake."

Walikaa kivulini, fimbo katikati ya magoti. Hezekia alingoja tik moja, akangoja nyingine. Kisha aliomba koleo na kipande cha waya.

Kisyeri alivileta lakini hakuviachia upesi. "Mzee, si ni wewe uliyenipiga marufuku kugusa hapo?"

"Ni mimi."

"Na wale wawili wa ndani? Yule mzee bado anamngoja binti yake avuke kutoka upande wa Kenya."

"Mwanangu yuko njiani, Kisyeri. Lete koleo."

Aliichomoa gadi kwanza. Kisha akaifungua ovalodi na kuunganisha nyaya zake mbili kwa kile kipande. Aliiona mikono yake ikifanya kazi kana kwamba ni ya mmoja wa wale wateja wasiotaka kungoja. Kompresa ilinguruma, ikajikaza, ikashika. Safari hii haikukata. Kinu kiliposaga ilinguruma kwa uzito, lakini iliendelea, na baada ya muda bomba la kurudishia gesi likaanza kutoa jasho la baridi. Tomaso alikuja akaligusa kwa kidole.

"Kumbe unajua," alisema.

Hezekia aliuweka mkono juu ya kompresa, akautoa. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Alijua kuwa waya wa shaba mle ndani umepakwa vanishi, na vanishi ina kikomo chake cha joto; ikiungua, mota imekufa. Angeweza kuuondoa ule waya aliouunga kwenye ovalodi. Alimfikiria Ezra amekaa dirishani, amebana begi magotini, akihesabu miji. Aliuacha.

Harufu ya kuungua ilitangulia, ile anayoijua kuliko ya jiko lake. Kisha mngurumo ukashuka ghafla, swichi kubwa ya kituo ikaruka, pakawa kimya. Ng'ambo ya barabara kinu nacho kilikuwa kimesimama. Wanawake walikuwa wanajitwisha unga.

Wazee wa Kisaka walinyanyua vichwa.

"Inapoa?" Tomaso aliuliza.

Hezekia alikuwa amechuchumaa, sikio limeelekea kwenye mashine. Hakukuwa tena na kitu cha kulia tik. Alikaa vile hata hivyo, mpaka Kisyeri akamshika bega.

Kompresa ya ukubwa ule hupatikana Mwanza. Joto la alasiri halikungoja Mwanza. Kisyeri aliziita familia za wale wawili, wakaja na machela na shuka. Mwanamke mmoja, mke wa yule mzee, alimpa Hezekia mkono. "Pole na wewe, fundi. Mashine ni mashine." Kisyeri alitazama chini. Hezekia aliupokea mkono ule, kisha akasogea kando na simu.

Alimpigia Ezra. Kelele za basi zilijaa masikioni.

"Hatuwezi kungoja, mwanangu."

"Ulisema hakuna atakayeligusa," Ezra alisema, akakata simu.

Jembe lililoegemea ukutani hawakuligusa kweli. Kaburi lilianzwa kwa jembe la jirani, na Eunice akazikwa jua likiwa juu ya migomba.

Ezra aliwasili asubuhi. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya udongo mbichi na viatu vya safari.

"Mashine ilikufa?"

"Niliiua. Nilitaka akungoje."

Ezra aliitikia kwa kichwa, kama dereva anayesikia sababu ya ajali ya mwenzake. Alikunywa maji, akalala siku mbili, akarudi barabarani.

Mashine haikununuliwa nyingine. Chumba kile sasa kinatumika kuweka vitanda vibovu na madumu, na mtu akifa upande huo wa Turwa huzikwa siku ileile, awe ameshafika mtoto wake au hajafika.