Utepe wa Chumba cha MRI

"Tezi za kwapani ziko safi," daktari wa upasuaji akasema, akiigonga picha ya MRI kwenye skrini. "Saratani haionekani kuwa imetoka nje ya titi. Kwapa zima hatulisafishi; tutatoa tezi mbili tatu tu za kuhakikisha."

Mdogo mtu, mgonjwa mwenyewe, akaruka, mikono yote miwili juu. "Mungu mkubwa! Dada, umesikia?"

Dada mtu alisikia. Alifurahi, tena sana. Mdogo wake ni huyo huyo mmoja. Lakini chini ya furaha kulikuwa na wivu mchungu kama shubiri, wala hakujidanganya. Yeye ni fundi cherehani, au tuseme alikuwa. Alipougua yeye walimsafisha kwapa lote kwa kukisia, halafu maabara ikasema tezi zote hazikuwa na kitu. Zimetolewa bure! Mkono wa kulia ukavimba, ukagoma kushika mkasi. Siku hizi gauni lake hukatwa mikono ya vipimo viwili, na anayelikata ni fundi mwingine.

"Daktari," akauliza, "kwa nini mimi sikupigwa picha hii?"

Daktari akakohoa. "Mama, wakati ule mashine ilikuwa haijazinduliwa."

"Haijazinduliwa, au haijafika?"

"Ilikuwepo. Imesimikwa, imejaribiwa. Tulikuwa tunamngoja mgeni rasmi, na yeye kila akipanga, anaahirisha. Ugonjwa wako haukuwa wa kungoja."

"Yaliyopita si ndwele, dada," mdogo mtu akadakia.

"Nyamaza wewe! Ndwele si hii hapa inaning'inia begani?"

Wakatoka. Mlangoni pa chumba cha mashine palitundikwa picha ya uzinduzi: mgeni rasmi kakenua meno yote, mkasi mkononi, na mbele yake utepe mwekundu wenye ua la mikunjo katikati. Dada mtu akasimama. Ua lile alilijua kunjo kwa kunjo. Alilishona wiki ile ile ya kulazwa, uvimbe tayari uko kifuani, mpambaji wa sherehe akimhimiza kwamba shughuli ni kesho kutwa. Shughuli gani, hakuuliza.

"Unatazama nini?" mdogo mtu akauliza.

"Kazi yangu ya mwisho. Ona ua lilivyokaa vizuri." Akaupakata mkono wake mzito. "Na huyu mshenzi amekuja kulikata mimi nimeshakatwa."